Mahari ya Mawe na Vichaka

Kaka yangu mkubwa alikuwa Mshirazi wa kawaida tu, kama walivyo watu wengi wa kusini mwa Unguja, mpaka siku baba yetu alipofariki. Hapo ndipo alipogeuka Mshirazi wa kazi. Alianza kututumia kwenye kundi la familia picha za misikiti ya Uajemi yenye vigae vya buluu, na kila ujumbe wake ukawa unaanza na maneno yaleyale: "Sisi Washirazi." Sisi Washirazi tuna adabu zetu. Sisi Washirazi hatugombani kwa ajili ya mali. Mtu huyu hajawahi kwenda mbali zaidi ya Tanga. Babu yetu alikuwa mchoma chokaa, na kama kweli palikuwa na mwana wa mfalme katika ukoo wetu, basi alikufa zamani sana na hakutuachia hata tabia njema.

Jumbe hizo nilikuwa nikizisomea Guangzhou, nimekaa juu ya robota la nguo za watoto, katika soko la jumla la Guangyuan Xilu, wapagazi wananipita na mikokoteni yao wakinifokea nitoe miguu. Nilikuwa nimekwenda nyumbani msiba ulipotokea, nikakuta baba keshazikwa, nikakaa mpaka khitma, kisha nikarudi China kwa sababu mzigo wa sikukuu haumsubiri mfiwa. Mama nilimwacha ndani, kwenye eda, amevaa nyeupe, amekaa chumbani kwake na dirisha limefungwa nusu. Wanangu wa kiume wako hapa, aliniambia, nenda kafanye kazi yako. Nami nikaenda.

Wanawe wa kiume kweli walikuwa hapo. Walikuwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta, wanaiuza nyumba.

Nyumba yetu si jumba. Ni ya mawe na chokaa, bati juu, ukumbi mmoja na vyumba vitatu. Lakini imekaa pwani, na siku hizi pwani ya kwetu kila jiwe lina mwekezaji wake. Mmoja alikuwa amekuja na kofia ya jua, akapima kwa hatua zake kutoka mlangoni mpaka majini, akasema hapa patafaa nyumba ya wageni. Kaka zangu wawili hawakulala tena. Mpango wao ulikuwa rahisi: nyumba iuzwe, wao wagawane, na mama ahamie mjini kwa kaka mkubwa, kwenye chumba cha uani, kile kinachopakana na banda la kuku. Mwanamke aliyekaa maisha yake yote akisikia bahari, sasa asikilize majogoo ya mkwewe. Kilichokuwa kinawasumbua ni kimoja tu, mimi na fungu langu. Mama wala hawakumhesabu, maana mama alikuwa eda, na kwa akili zao mwanamke aliye eda ni sawa na kabati: lipo, lakini huliulizi.

Siku moja ikaja sauti ya kaka mkubwa kwenye simu, ile sauti yake ya kuhutubia.

"Dada, asalaam alaykum. Tusifike mbali. Sisi Washirazi, kwa asili yetu, mwanamke harithi ardhi. Anarithi vinavyobebeka: dhahabu, vyombo, nguo. Wewe Mungu keshakufungulia, una biashara yako. Tutakuletea karatasi ndogo ya suluhu, utie saini, mambo yaishe kwa suluhu, sote tubaki na kheri."

Vinavyobebeka! Kumwambia hivyo mwanamke ambaye riziki yake ni kubeba. Niliisikiliza sauti ile mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikahisi damu inanipanda kichwani. Mimi si mwanachuoni, lakini chuo cha Kurani nilisoma. Najua kwamba sisi ni Shafii, najua mtoto wa kike ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na mjane ana thumni yake, moja ya nane, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto wa kike akifika kwenye ardhi avue viatu arudi nyuma. Sheria hiyo kaka aliitoa wapi? Niliwaza sana. Nikaishia kuamini kwamba ameiota.

Basi hapo ndipo anapoingia mama mmoja wa Kiajemi.

Yeye alikuwa akinunua makoti ya kike ya kupeleka kwao, na mimi nguo za watoto za kupeleka kwetu, na sote wawili tulikuwa na laoban mmoja, bosi wa Kichina mwenye duka la pembeni karibu na lifti ya mizigo. Tulikuwa tukikutana hapo tukisubiri mizigo yetu ifungwe. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mrefu, mtaji wake mkubwa na majivuno yake makubwa zaidi. Tulisemezana Kiingereza cha kuungaunga na Kichina cha sokoni, ambacho maneno yake muhimu ni "ghali mno" na "meiyou", yaani hakuna. Aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Zanzibar, na kwa vile nilikuwa na hasira za kaka yangu nikamwambia kwa kejeli kwamba mimi pia ni Mshirazi.

Alinitazama kuanzia kilembani mpaka viatuni. "Mimi nimezaliwa Shiraz," akasema. "Mjini kwetu hakuna bahari. Hao wafalme wenu walipanda chombo wapi, kwenye birika?"

Nilimpenda papo hapo.

Tangu siku hiyo ukawa ndio mchezo wetu, kutafuta maneno tuliyoibiana. Tulianza na dirisha, tukaja bustani, tukaja bandari, serikali. Kila tukipata moja alikuwa akipiga kofi na kudai kodi ya karne zote tulizolitumia bila ruhusa. Alikuwa na kikopo cha bati chenye sukari ile ya mawe, vipande vinavyong'aa, anaweka kimoja mdomoni ndipo anakunywa chai juu yake. Wachina nao wanayo sukari hiyo, inauzwa kila duka, lakini yeye alisema ya Wachina haina heshima.

Ile sauti ya kaka nilimwekea aisikie kwa sababu nilitaka mtu wa kusaidiana naye kudharau. Kiswahili hajui. Alikuwa anasikiliza tu ile lafudhi ya hotuba na kutabasamu, mpaka lilipofika lile neno, akaweka kikombe chini.

"Rudisha," akasema. "Kasema *solh*?"

"Kasema suluhu. Kwetu ni watu waliogombana wakapatana. Au mpira uliokwisha bila bao."

"Kwetu," akasema, "ni hivyo hivyo. Tena ni namna ya mwanamke kunyang'anywa bustani."

Akanieleza, na alipokuwa akieleza mambo ya kwao alikuwa akikaa wima, mikono magotini, kana kwamba anahojiwa. Zamani za bibi zake, alisema, huko Uajemi suluhu ilikuwa mkataba kamili, unaandikwa mbele ya mulla, unapigwa mihuri. Mtu anampa mwenzake shamba, au maji ya mfereji, au nusu ya nyumba, na badala yake anapokea kitu chochote hata kiwe kidogo namna gani, ili mradi karatasi iweze kusema kwamba pande zote mbili zimepata na zimeridhika. Baba akifa, ndugu wa kiume wanamwendea dada yao na karatasi ya suluhu. Fungu lake la shamba anawaachia wao. Na yeye je? Akachukua kile kikopo akakitikisa masikioni mwangu.

"Kipande cha hii," akasema. "Kimeandikwa kwenye karatasi kabisa. Fulani binti fulani ameridhia, kwa kipande cha sukari ya mawe."

Nikamuuliza kuhusu ile sheria ya kaka yangu, ya mwanamke kutorithi ardhi. Akacheka kicheko kibaya. Alisema iko, au ilikuwako, lakini ni ya madhehebu yao na si yetu, na zaidi ya hapo ilikuwa ya mjane, si ya mtoto wa kike. Mjane ndiye aliyekuwa haingii kwenye ardhi ya mumewe. Alipewa fungu lake katika thamani ya kuta na miti iliyosimama juu ya ardhi, lakini udongo wenyewe hapana. Mtoto wa kike alirithi udongo kama kawaida, ila kwa nusu. "Kakako," akasema, "kaiba sheria ya watu wengine, tena kaiba ya mlango wa pili."

Hiyo ndiyo elimu ya kaka yangu. Kasikia jambo barazani kwa mtu aliyelisikia kwa mtu, akachanganya mke na binti, Sunni na Shia, karne na karne, kisha akaja kunihutubia. Na nina hakika alipokuwa akihutubia aliweka mkono kifuani.

Lakini Mwajemi wangu hakuwa amemaliza, na kilichofuata nilikipenda zaidi. Mama wa bibi yake, alisema, alinyang'anywa bustani moja namna hiyo, kwa sukari, akanyamaza. Alikuwa na nyingine iliyokuwa mahari yake, miti ya komamanga na saa zake za maji ya mfereji, na hiyo hakuiachia. Alipoona anazeeka na wanawe wa kiume wameanza kumwita mama mpenzi, alimwita mulla kimyakimya, akaandika suluhu yake mwenyewe. Bustani kwa binti yake, tangu leo, kwa badala ya kipande kimoja cha sukari ya mawe. Na yeye mama atakaa humo na kula matunda yake mpaka kufa. Alipokufa, wanawe walikuja na mizani, wakakuta hakuna cha kupima. Binti aliwaonyesha karatasi na kuwakaribisha chai.

"Bila sukari," akamalizia.

Tulicheka mpaka laoban akatuuliza kama tunanunua au tunakaa.

Wiki haikupita akaja mfanyabiashara mmoja kutoka nyumbani, ananunua simu na spika, akaniletea kifurushi kutoka kwa kaka. Nilikifungulia palepale dukani. Ndani mlikuwa na kikapu cha ukili, na ndani ya kikapu halua, ile nzuri, yenye hiliki na lozi, bado inateleza kwa samli. Chini ya kikapu ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kulowa mafuta pembeni. "Mimi binti wa marehemu, kwa hiari yangu na kwa suluhu, nimewaachia ndugu zangu."

Yule mama wa Kiajemi aliitazama halua. Akanitazama mimi. Kisha akakaa juu ya robota langu akacheka mpaka kitambaa chake kikamdondoka mabegani.

"Nimekosea," akasema, akifuta macho. "Huyu kakako ni Mshirazi kweli!"

Kaka hakujua alichokifanya. Hilo ndilo lililonichekesha na kunitia uchungu kwa pamoja. Hajapata kusikia habari za suluhu kwa sukari, hajui mulla wala mhuri. Yeye alifikiri tu, dada mkali, tumlainishe. Ubakhili wa kiume hauhitaji kufundishwa, unajizukia wenyewe kila bandari. Halua tuliila. Laoban naye alipewa, akasema ni tamu mno, akaomba tena.

Baadaye, alipokuwa akilamba vidole, nikamwuliza yeye binafsi. Baba yake alikwishafariki, hilo nilijua. Je, shamba la komamanga la baba yake, alilokuwa akilitaja taja, yeye anapata fungu gani?

Alifunga kikopo chake.

"Nilitia saini," akasema.

Sikuamini. "Wewe?"

"Mimi. Nina kaka watatu. Waliniambia watakuwa wakiniletea kreti ya komamanga kila msimu."

"Wanaleta?"

"Walileta."

Nilimtolea maneno, siwezi kuficha. Nilimwambia hadithi zote hizo za bibi, majivuno yote hayo ya Shiraz, mtu anayemfokea Mchina kwa kifungo kimoja kilicholegea, kumbe kauza bustani kwa kreti ya matunda! Afadhali wenzake wa zamani, walau sukari haiozi. Nilimdharau na nikamwonyesha kwamba namdharau. Hakukasirika. Alisema tu, akitazama mikokoteni inayopita, kwamba baba alikufa, mama alikufa, na yeye alitaka abaki na mahali pa kwenda siku ya mwaka mpya wao, mtu amfungulie mlango. "Nilinunua kaka," akasema. "Bei yake ndiyo hiyo."

Hilo lilinitisha, kwa sababu nami nilikuwa nimeanza kuchoka. Simu zilikuwa nyingi. Kaka mdogo alikuwa akinipigia analia. Shangazi mmoja alinitumia dua ya kuondoa tamaa moyoni. Mke wa kaka mkubwa aliniambia kwamba chumba cha uani keshakipaka rangi, na kuku anaweza kuwasogeza. Kila mtu alisema nikitia saini roho ya baba itatulia. Ile karatasi ya mafuta ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na kalamu zimejaa Guangzhou. Nikajua kabisa kwamba nikiandika jina langu pale, mama atalala mjini na kuku.

"Mama yako," Mwajemi akaniuliza siku nyingine, tukiwa tunahesabiwa marobota, "yeye mahari yake ilikuwa nini?"

Nikacheka, kwa sababu swali hilo kwetu lina jibu lake, na jibu hilo ni kichekesho. Baba yetu alipooa hakuwa na kitu. Ukoo wake walikuwa na kipande cha uwanda huko pwani, ardhi ya mawe matupu ambayo hata mbuzi walikuwa wakiipita haraka, na siku ya ndoa hicho ndicho alichokitaja. Shehe alimwuliza mara mbili kama anasema kweli. Maisha yake yote, kila Idi, chakula kikishaliwa, baba alikuwa akiegemea ukuta na kuuliza: "Wenzangu walioa kwa dhahabu. Mimi mama yenu nilimwoa kwa nini?" Na sisi sote, tangu hatujaota meno, tulikuwa tukiitikia kwa kelele: "Kwa mawe na vichaka!" Mama alikuwa akimtupia kitambaa cha meza. Kaka mkubwa alilisema jambo hilo hata kwenye harusi yake, mbele ya wakweze, kuonyesha jinsi wanaume wa kwetu wanavyojua kupata wake. Limo kwenye mkanda wa harusi, tumelitazama mara ngapi.

Nilimsimulia yote hayo huku nacheka. Nilipofika mwisho nikaona hacheki.

"Na mawe hayo yako wapi sasa?" akauliza.

Hapo nami nikaacha kucheka.

Nilikuwa nimezaliwa juu ya mawe hayo. Nimejikwaa juu yake nikajifunza kutembea. Na miezi yote hiyo nilikuwa nikipigania nusu yangu katika urithi wa baba, nikiwaita kaka zangu wajinga.

Sikumwambia mtu. Nilisubiri eda ya mama iishe, kwa sababu nilijua nao wanaisubiri. Ilipoisha, kaka mkubwa alitangaza kikao: yeye, kaka mdogo, shehe wa kijiji, na mimi kwa simu ya picha. Kwao ilikuwa asubuhi. Kwangu adhuhuri, soko limejaa. Mwajemi alivuta kiti akakaa ubavuni pangu bila kualikwa. Kaka mdogo ndiye aliyeshika simu, akiigeuza kwa kila anayesema, kwa hiyo sebule yetu ilikuwa ikiyumba. Mama hakuwamo.

Kaka alianza na Washirazi. Alitoka Washirazi akaja kwenye umoja, akatoka umoja akaja kwenye radhi za wazazi. Alipovuta pumzi nikapenyeza neno.

"Kaka, samahani, jambo moja tu. Baba mama yetu alimwoa kwa nini?"

Wallahi hakufikiri. Mdomo ulitangulia. "Kwa mawe na vichaka!" akasema, na kaka mdogo nyuma ya simu akaitikia naye, wote wawili kwa ile sauti ya Idi, na hata wakacheka.

Shehe hakucheka. Alikuwa mgeni kijijini, kichekesho chetu hakijui. "Mawe ya wapi?" akauliza.

Kaka mdogo, maskini, ambaye siku zote amekuwa mkweli pale asipokuwa na muda wa kufikiri, akasema: "Haya haya."

Kaka mkubwa alikuwa wa kwanza kujizoa. Alisema mahari ni deni, na deni lile mama alilisamehe mbele ya jeneza, watu wote walisikia, yeye mwenyewe ndiye aliyemwuliza: mama, umemsamehe marehemu? Na mama akajibu amemsamehe. Hapo niliona tumekwisha, maana kweli huulizwa hivyo, na kweli hakuna mjane anayekataa.

Ndipo pazia la chumbani likafunguka. Mama alitoka amevaa kanga ya rangi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha baba, kiti ambacho kaka mkubwa alikuwa anakinyemelea kwa macho tangu kikao kianze.

"Nilimsamehe deni," akasema. "Kiwanja hakikuwa deni. Kiwanja alinipa. Nimekifyeka vichaka kwa mikono yangu, na mimba yako tumboni."

"Mama, hewala, kiwanja chako," kaka akasema, anapoa. "Lakini nyumba kaijenga baba. Nyumba ni mirathi."

"Sawasawa. Basi chukueni nyumba."

Kaka akamtazama.

"Ibebeni," mama akasema. "Si nasikia humu ndani mchana kutwa, vinavyobebeka, vinavyobebeka? Bebeni kuta zenu, bebeni bati lenu, mimi thumni yangu mniachie kizingiti nipate pa kukaa. Na mkishabeba, kiwanja changu nikikute kama nilivyokabidhiwa. Na vichaka vyake nivikute."

Nilipiga kelele za furaha, wapagazi wakageuka. Mwajemi akanishika mkono anataka tafsiri, nikamtafsiria vipande vipande kwa Kiingereza kibovu na machozi. Alipoelewa ile habari ya kubeba kuta hakucheka kama nilivyotegemea. Alisema polepole, "Mama yangu hakusema neno," akaendelea kuitazama ile simu.

"Na wewe wa China usicheke!" mama akasema, na uso wake ukajaa kioo chote, maana alikuwa amemnyang'anya kaka mdogo simu. "Miezi hii yote mnavutana fungu la nani? Huyu ananiuza, wewe unanitetea, na hakuna hata mmoja aliyegonga mlango kuniuliza. Mnanipita kama maiti. Eda si kaburi, mwanangu."

Nilisema, "Ndiyo, mama."

"Na halua nasikia ilikwenda mpaka China. Kwangu hapa, ukuta na ukuta, hata kipande hakikufika."

Shehe alikuwa akijifanya anatafuta miwani yake. Mama alimwomba ile karatasi ya suluhu waliyomwandalia yeye, ambayo ilikuwa imeshaandikwa inasubiri dole gumba lake, akaigeuza upande usioandikwa akamrudishia. Akamwambia aandike kwamba kiwanja hiki ni mahari yake, tangu siku ya ndoa mpaka leo, na kwamba hakiuzwi yeye akiwa hai. Shehe akauliza mashahidi ni akina nani. Mama akawatazama wanawe.

"Nyinyi si mmekuja kutia saini?" akawauliza. "Tieni."

Wakatia. Kaka mkubwa alitia kwa mapana na marefu, kama mtu anayezindua daraja. Kesho yake aliandika kwenye kundi la familia kwamba sisi Washirazi tangu zamani tunawaheshimu sana mama zetu.

Kabla simu haijakatwa mama aliniuliza narudi lini. Nikamwambia mzigo ukishaondoka, na nikamwuliza nimletee nini kutoka huku, kitambaa, viatu, chochote anachotaka.

"Niletee kufuli," akasema, akiwa amekaa palepale, katikati ya wanawe. "Lakini zuri. Si hayo ya rahisi mnayotuletea, yanayofunguka kwa pini ya nywele."